Moto Hujificha Penye Kiungo

Umeme ukitajwa kwa ubaya, watu wengi hufikiria cheche, mlio na giza la ghafula. Lakini katika nyumba za kawaida hatari aghalabu huanza bila cheche wala mlio. Huanza kwa joto dogo mahali ambapo waya hukutana na kitu kingine: skrubu ya swichi, tundu la soketi, kichwa cha betri, au waya mwenziwe uliosokotwa nao kwa mkono na kufungwa kwa utepe. Mahali hapo ndipo panapoitwa kiungo. Waya waweza kuwa mzima toka mwanzo hadi mwisho, mita ikaendelea kuhesabu na taa zikaendelea kuwaka, kumbe kiungo kimoja nyuma ya kabati kinaungua polepole.

Jambo hili lawahusu hasa askari na jamaa zao. Askari huhamishwa. Hupanga chumba mwaka huu mji huu, na mwaka ujao mji mwingine. Hukuta nyaya zilizotandikwa na wale waliomtangulia, naye juu yake huongeza zake. Tena mara nyingi nyumba ya askari huwa mbili, moja ya kazini na moja ya watoto, na katika hiyo ya watoto mwenye kulinda usiku ni mama peke yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa askari polisi mmoja ambaye kazi yake ilikuwa Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwaka 2019. Mkewe na watoto wanne waliishi Muyinga, kaskazini-mashariki, katika nyumba waliyoijenga kwa akiba ya miaka mingi. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na barabara ya Karuzi, nauli ya gari, na ruhusa ya mkubwa wa kazi. Kwa hiyo mume alifika kwake mara moja kwa mwezi, na mwezi mwingine hakufika. Mambo mengi ya nyumba yaliamuliwa kwa simu.

Huko Gitega chumba chake kilikuwa na soketi moja tu ukutani. Katika soketi hiyo alichomeka waya wa kurefushia wenye matundu manne, na katika matundu hayo alichomeka jiko dogo la umeme, taa, redio na simu. Plagi ya waya huo ilianza kuwa ya njano, kisha ikawa ya kahawia. Akanunua plagi mpya. Baada ya miezi mitatu nayo ikawa ya kahawia. Akanunua ya tatu, ya bei kubwa zaidi, akiwalaumu wenye maduka kwa kuuza vitu hafifu. Disjonta, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, haikujikata hata siku moja, naye aliichukua hiyo kuwa ni dalili kwamba hakuna hatari yoyote.

Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Disjonta, kama fyuzi, hupima wingi wa umeme unaopita. Jiko la wati 2,000 kwa umeme wa volti 220 hutumia mkondo wa ampia 9 hivi. Disjonta ya ampia 16 huona ampia 9 na kuridhika, kwa kuwa hilo ni jambo la halali. Haina macho ya kuona kwamba ampia hizo halali zinapita katika kiungo kilicholegea. Kiungo hakiongezi umeme. Huuzuia kidogo tu, na kule kuzuia ndiko kunakozaa joto.

Hesabu yake si ngumu. Joto la kiungo hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo wenyewe, kisha kwa ukinzani wa kiungo. Kiungo kizuri kina ukinzani mdogo mno hata joto lake halionekani. Lakini kiungo kikilegea au kikiingia kutu, ukinzani wake waweza kufika nusu ya omu moja. Hapo mkondo wa ampia 9 utatoa wati 40 hivi, mahali padogo kama ukucha wa kidole. Pasi ya kulehemu ya fundi wa redio, nayo ina wati 40 tu, huyeyusha risasi na bati. Plastiki ya kawaida inayofunika nyaya za nyumbani imetengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 70 za Selsiasi. Yeyote atafakari ni nini kitatokea iwapo pasi ya kulehemu itaachwa ndani ya soketi kila siku kwa muda wote wa kupika maharagwe.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hujilisha wenyewe. Shaba ikipata joto hutanuka, ikipoa hujikunja, na kila mara skrubu hulegea kidogo. Shaba iliyopata joto huvaa ngozi nyeusi isiyopitisha umeme vizuri, na ngozi hiyo huongeza ukinzani, na ukinzani huongeza joto. Chuma chembamba kilicho ndani ya soketi, ambacho kazi yake ni kuibana miguu ya plagi, kikishaungua hupoteza nguvu ya kubana. Ndiyo sababu plagi tatu mpya ziliungua mfululizo katika chumba cha Gitega. Mgonjwa hakuwa plagi. Mgonjwa alikuwa soketi ya ukutani, naye kila mara alimwambukiza mgeni. Soketi ya namna hiyo haisafishwi wala haikunjwi kwa koleo. Hutupwa, na plagi iliyoungua nayo hutupwa siku hiyo hiyo, kwani mmoja akibaki atamharibu mwenziwe mpya.

Wakazi wa Gitega wanajua gharama ya moto. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 gereza kuu la mji huo liliungua wakati wafungwa wamelala. Makamu wa Rais, Prosper Bazombanza, alitangaza kwamba watu 38 walikufa na 69 waliumia. Wizara ya Mambo ya Ndani ilisema kwamba chanzo kilikuwa shoti ya umeme. Msiba ule haufai kufanywa hadithi ya kufundishia plagi na soketi. Walikuwa ni watu, na wako waliobaki wakiwalilia. Lakini askari aliyewahi kusimama zamu mahali ambapo watu wengi hulala pamoja, ikiwa ni gereza, bweni au kambi, hana budi kuelewa kwamba penye msongamano wa watu huwa pia na msongamano wa nyaya, na kwamba moto ukianza saa ambayo macho yamefumba hakuna anayepata nafasi ya kujiuliza ulianzia wapi.

Sasa twende Muyinga, kwa maana huko ndiko mambo yalikopata ufumbuzi.

Nyumba ya Muyinga haikuwa na umeme wa REGIDESO. Ilikuwa na kibao cha kukinga jua juu ya paa, betri moja ya volti 12, na inveta, yaani chombo kinachobadili umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani. Kwa umeme huo mama wa nyumba aliwasha taa, aliwachajia majirani simu, na aliendesha mashine ya kusaga matunda ya wati 360, kwa kuwa aliuza maji ya maracuja kwa wanafunzi na wasafiri. Biashara hiyo ndogo ndiyo iliyolipa daftari na sare za watoto.

Mwezi mmoja inveta ikaanza kulia kila mara mashine ilipowashwa. Jua lilikuwa kali, betri ilikuwa imejaa, lakini mashine ikizunguka kidogo tu inveta hulia na kujizima, kama kwamba betri imekwisha. Muuzaji wa betri alikuja, akasikiliza ule mlio, akasema bila kugusa kitu kwamba betri imekufa na inunuliwe nyingine. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa mwezi mzima. Mume alipopigiwa simu huko Gitega alikubali upesi.

"Mama watoto, nitakopa kwa wenzangu. Mwambie alete hiyo betri."

"Baba watoto, ngoja kwanza," mkewe alijibu. "Nimezima kila kitu, nikagusa nyaya zote mbili. Mweusi umepoa. Mwekundu nao katikati una uvuguvugu tu, lakini ncha yake kwenye kichwa cha betri imenichoma kidole. Betri ikiwa mbovu, ni mbovu yote. Mbona joto liko upande mmoja?"

Mume hakupenda kupingwa mbele ya mfanyabiashara aliyekuwa anasikiliza, na maneno yaliyofuata katika simu hayakuwa matamu. Mama alishika msimamo wake. Fedha iliyokuwa inazungumzwa ilikuwa ya karo na chakula, na deni lingekuwa la wote wawili.

Swali alilouliza mama huyo ndilo ambalo fundi mwema angeanza nalo. Kama waya mzima una joto toka mwanzo hadi mwisho, waya ni mwembamba mno kwa kazi uliyopewa, au kazi ni kubwa mno kwa waya. Dawa yake ni waya mnene zaidi au kupunguza mzigo. Kuongeza ukubwa wa fyuzi si dawa, ni kuufungulia moto mlango. Lakini kama waya umepoa katikati na una joto kwenye ncha, ugonjwa uko penye kiungo. Na kama kuna viungo viwili vinavyobeba umeme ule ule, kimoja kimepoa na kingine kinachoma, basi jibu limekwisha kupatikana kabla ya kufungua kisanduku cha vifaa.

Kesho yake aliitwa fundi kijana mwenye mita ya kupimia umeme. Aliwasha mashine ya kusaga, akaweka ncha moja ya mita juu ya risasi ya kichwa cha betri, na ncha ya pili juu ya kipete cha shaba kilichobana waya mwekundu. Ingawa vitu hivyo viwili viligusana, mita ilionyesha volti 0.6 kati yao. Upande wa waya mweusi ilionyesha volti 0.02 tu. Kisha akapima betri yenyewe, kichwa kwa kichwa, wakati mashine ikiwa bado inazunguka, akapata volti 12.3.

"Mama, betri yako ni nzima," alisema. "Umeme unakufia hapa njiani."

Vipimo hivyo vilieleza kila kitu. Wati 360 kwa volti 12 ni ampia 30. Nusu volti na zaidi iliyopotea penye kiungo, ikizidishwa kwa ampia 30, ni wati 18 za joto chini ya nati moja. Volti hizo hizo zilizopotea njiani ndizo zilizoifanya inveta idhani kwamba betri imekwisha. Hapa pana somo ambalo wenye mitambo ya jua hulisahau. Umeme wa volti 12 haupigi mtu kama ule wa volti 220, kwa hiyo watu huudharau. Lakini kazi ile ile kwa volti ndogo hudai mkondo mkubwa: mashine iliyohitaji ampia moja na nusu kwenye umeme wa ukutani yahitaji ampia 30 kwenye betri. Na kwa kuwa joto hukua kwa mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kiungo kibaya ambacho ukutani kingesamehewa, kwenye betri huunguza.

Fundi alipofungua nati alikuta makosa matatu. Kwanza, aliyefunga mtambo aliweka washa ya chuma kati ya kipete na risasi ya betri, ilhali washa hukaa juu ya kipete, na kipete chapaswa kugusa risasi yenyewe. Pili, nyuzi nyingi za waya zilikatwa wakati wa kuuvua plastiki, zikabaki chache kubeba mzigo wote. Tatu, unga wa kijani na mweupe ulikuwa umejaa kila mahali. Alikata ncha nyeusi ya waya mpaka akafikia shaba inayong'aa, akabana kipete kipya, akasugua risasi kwa msasa, akasafisha kichwa cha betri kwa soda ya kuokea iliyochanganywa na maji, akakausha, akakaza, kisha akapaka vaselini juu yake ili unyevu usiingie tena. Inveta haikulia. Kipete kimoja, kipande cha msasa na ujira wa saa moja viliokoa bei ya betri nzima.

Hii si habari ya vijiji vya Burundi tu. Mwaka 1969 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuuza trekta dogo la umeme kwa ajili ya kukatia majani ya bustani, lililoitwa Elec-Trak. Lilitumia betri 6 za volti 6 kila moja, zilizofungwa kwa mfuatano kutoa volti 36. Betri 6 zina vichwa 12, na kila kichwa ni kiungo, bila kuhesabu viungo vya swichi na vya mota. Trekta hilo likifanya kazi ya wati 3,600, ampia 100 hupita katika kila kimoja cha viungo hivyo 12. Kimoja tu kikilegea, trekta zima hupungua nguvu, na mwenye nalo huweza kulaumu mota au betri, kama yule muuzaji wa Muyinga. Anayetafuta ubovu wake hufuata njia ile ile ya mama wa Muyinga: hugusa kimoja kimoja baada ya kulizima, na hupima kila kiungo kwa mita wakati kazi ikiendelea.

Siku chache baadaye mume naye, akiwa Gitega, alizima umeme wa chumba chake, akamwita fundi afungue soketi ya ukutani, na akajionea mwenyewe ule weusi uliokuwa ndani. Soketi na plagi zikabadilishwa pamoja, na jiko likapewa soketi yake lenyewe badala ya kushirikiana na redio. Usiku huo alimpigia mkewe simu. Hakusema mengi. Alimwuliza fundi yule wa Muyinga alipima vipi, akaeleza jinsi mkewe alivyomweleza, na mkewe akamsahihisha mahali pawili.

Kwa manufaa ya nyumba nyingine, ufuatao ndio mpango unaofaa kufuatwa.

Dalili za kiungo kinachougua ni hizi: plastiki iliyogeuka njano au kahawia, harufu kali kama ya samaki au ya kitu kinachoungua, mlio mdogo wa kutatarika, na taa inayofifia kila chombo kikubwa kinapowashwa. Dalili moja yatosha. Chombo kizimwe, plagi itolewe kwa kushika plagi yenyewe wala si kwa kuvuta waya, kisha iguswe. Uvuguvugu waweza kuvumiliwa. Plagi isiyoshikika ni ya kutupwa.

Umeme wa volti 220 haupimwi wala haufunguliwi na asiyejifunza kazi hiyo. Mwenye nyumba atazame, anuse, aguse baada ya kuzima, na amwite fundi. Fundi naye aombwe akate shaba nyeusi mpaka ing'ae, na asiyeyushe risasi kwenye nyuzi za waya utakaobanwa kwa skrubu, kwani risasi ni laini. Hubonyea kidogo kidogo chini ya skrubu, na kiungo hulegea tena.

Jiko, pasi na birika la umeme visichomekwe katika waya wa kurefushia ulio na vyombo vingine. Waya huo usipitishwe chini ya mkeka wala godoro, na usitumike ukiwa umeviringishwa, maana joto lake hukosa pa kutokea.

Penye betri, pete na saa zivuliwe kabla ya kushika spana. Sigara na mshumaa viwe mbali, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Waya wa hasi, yaani ule mweusi, huondolewa wa kwanza na hurudishwa wa mwisho.

Na kwa kuwa viungo hulegea vyenyewe, ukaguzi hauwi wa siku moja. Askari hukagua silaha yake hata kama hakuitumia. Nyumba yake yastahili uangalifu uo huo. Mama wa Muyinga alijipatia njia nyepesi. Baada ya fundi kukaza nati, alichukua rangi ya kucha akachora mstari mmoja mwembamba ulioanzia kwenye nati ukaishia kwenye kipete. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari utakatika. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya kutoka kwenda kwenye kazi za pamoja za mtaa, huzima inveta, hutazama mistari yake miwili, mmoja kwenye kila kichwa cha betri, na hugusa ncha za nyaya kwa mgongo wa kidole. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano, na binti yake mkubwa amekwisha kujua kuifanya.